Likizo ya Familia Unguja: Panga Siku kwa Kufuata Maji

Familia inayokwenda Unguja kwa mara ya kwanza kwa kawaida huangalia mambo matatu: tarehe za likizo ya shule, bei ya chumba na picha za ufukwe. Yote matatu yana umuhimu wake, lakini liko la nne ambalo ndilo huamua kama watoto wataogelea kila siku au watashinda ukingoni wakitazama mchanga mtupu na majani ya bahari, nalo ni mwendo wa maji: yanajaa saa ngapi, yanapwa saa ngapi, na yakipwa yanakwenda umbali gani. Hakuna hoteli inayoweza kulibadilisha jambo hili, hata iwe ya bei gani. Kinachowezekana ni kulijua mapema na kulipangia. Mwongozo huu unamlenga mzazi wa bara, awe wa Tanzania au wa nchi jirani, anayetaka kukaa kisiwani kiasi cha wiki moja na watoto wa umri tofauti.

Hatua ya kwanza: tazama mwezi kabla ya kulipa chochote

Katika pwani ya Afrika Mashariki bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa takriban saa 24 na dakika 50, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Mwezi unapoandama na unapopevuka, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Mwezi unapokuwa nusu huwa ni maji mafu: tofauti hiyo hupungua hadi kiasi cha mita 1, na bahari huonekana kama imetulia mahali pamoja. Wavuvi, wachokoaji wa pweza na wakulima wa mwani wanaishi kwa hesabu hii, na ndiyo sababu ukimwuliza mzee wa kijiji cha pwani kuhusu maji ya kesho, mara nyingi atakujibu bila kutazama simu.

Lenye manufaa zaidi kwa mzazi ni kwamba saa za bamvua na saa za maji mafu hazibadiliki sana mwaka mzima. Siku za bamvua, maji ya Unguja hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa karibu saa 4 au saa 5 asubuhi, na hupwa jioni, lakini hata yakipwa hayaendi mbali. Maana yake ni kwamba familia yenye watoto wadogo, ambao huamka mapema, hutaka kuingia majini mara baada ya kifungua kinywa na hulala mchana, itafaidi zaidi ikienda siku za maji mafu. Familia yenye watoto wakubwa, wanaotaka kutembea juu ya mwamba asubuhi na kuogelea jioni jua likiwa limepungua ukali, itafaidi zaidi siku za bamvua.

Ukitumia kalenda ya Kiislamu hesabu inakuwa nyepesi. Maji mafu huangukia karibu na tarehe 7 hadi 10 na tarehe 22 hadi 25 za mwezi; bamvua huangukia siku chache za mwanzo wa mwezi na zile zinazofuata tarehe 15. Ukiwa na wiki nzima, huwezi kukwepa upande mmoja moja kwa moja, bali unaweza kuchagua katikati ya wiki yako iangukie wapi. Baada ya hapo thibitisha kwa jedwali la maji la bandari ya Zanzibar, ambalo hupatikana bure kwenye intaneti, na ulichapishe au uliandike kwenye karatasi. Angalia kwamba majedwali hayo huandika saa kwa mtindo wa kuhesabu hadi 24, kwa hiyo 16:10 ni saa 10 na dakika 10 jioni. Ukienda Machi au Septemba, tarajia bamvua kubwa kuliko miezi mingine.

Hatua ya pili: chagua pwani inayolingana na msimu na umri wa watoto

Mvua za masika hunyesha kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, na baadhi ya hoteli hufungwa kabisa Aprili na Mei. Zile zinazobaki wazi hushusha bei, lakini safari ya watoto waliofungiwa chumbani haina nafuu yoyote. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ni fupi na mara nyingi hunyesha kwa vipindi, kwa hiyo haizuii likizo. Likizo ya Juni huangukia kwenye msimu wa upepo wa kusi, ambapo hewa ni ya baridi kidogo, anga ni kavu na upepo hupiga sana upande wa mashariki na kusini mashariki. Likizo ya Desemba huangukia kwenye msimu wa upepo wa kaskazi: joto kali, unyevu, na bei za juu kuelekea mwaka mpya.

Pwani ya mashariki, yaani Jambiani, Paje, Bwejuu, na kwa upande wa juu Kiwengwa, Pwani Mchangani na Matemwe, ina mwamba wa matumbawe ulioko mbali na nchi kavu. Kati ya mwamba na ufukwe ni maji ya kina kifupi, na wakati wa bamvua maji hayo hutoka hata kilomita nzima au zaidi katika baadhi ya sehemu. Picha za matangazo hupigwa maji yakiwa yamejaa. Pwani ya kaskazini, hasa Kendwa na sehemu ya Nungwi, ina kina karibu na ufukwe, kwa hiyo mtu anaweza kuogelea karibu saa zote. Michamvi upande wa Kae inatazama magharibi, kwenye Ghuba ya Chwaka, na ina utulivu wakati upepo wa kusi unasumbua upande wa pili wa rasi hiyo hiyo.

Wengi husema moja kwa moja kwamba kaskazini ndiko bora kwa familia kwa sababu maji yako saa zote. Sikubaliani na hukumu hiyo bila masharti. Kaskazini kina huanza karibu, boti hupita karibu na waogeleaji, muziki husikika usiku na mapapasi, yaani vijana wanaowafuata wageni kutafuta biashara, hawakuachi ukae dakika kumi bila kukuuzia safari. Jambiani au Bwejuu maji yakijaa huwa ya kina kifupi kwa eneo kubwa, mawimbi huvunjikia mbali kwenye mwamba, na maji yakitoka ufukwe wote unakuwa darasa la wazi: kaa, viti vya pweza, konokono wa baharini na samaki wadogo waliobaki kwenye madimbwi. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano ambao wazazi wao hawataki kusumbuka na saa, Kendwa inafaa, hasa Juni, kwa sababu inatazama magharibi na imekingwa na kusi. Kwa watoto wa miaka saba na kuendelea, mashariki ina mengi zaidi ya kufanya. Wiki moja inatosha kugawa sehemu mbili, lakini si tatu: kila kuhama hula nusu siku.

Hatua ya tatu: uliza maswali haya kabla ya kulipia malazi

Uliza ni hatua ngapi kutoka mlangoni hadi mchangani, kwa kuwa maneno “karibu na bahari” hutumika hata kwa nyumba iliyo ng’ambo ya barabara kuu. Uliza kina cha bwawa la kuogelea na kama lina uzio au lango, maana bwawa lisilo na uzio ni hatari kubwa zaidi kwa mtoto wa miaka miwili kuliko bahari iliyo umbali wa mita mia. Uliza kama kila kitanda kina chandarua kizima. Malaria imepungua sana Zanzibar lakini haijaisha, na mbu hawajui likizo. Uliza kuhusu jenereta, na kama maji ya bombani yana chumvi, jambo la kawaida katika vijiji vya mashariki.

Mwisho uliza bei ya mkaazi. Hoteli nyingi na vivutio vingi vina bei moja ya wageni na nyingine ya raia na wakaazi, na tofauti yake inaweza kuwa kubwa, ila aghalabu haitajwi mpaka iulizwe. Utatakiwa kuonyesha kitambulisho.

Familia kubwa, kwa mfano yenye bibi na binamu, hufaidi zaidi kwa kukodi nyumba nzima yenye jiko kuliko vyumba vitatu vya hoteli. Katika vijiji vingi mwenye nyumba anaweza kukutafutia mpishi wa hapo hapo, na samaki hununuliwa dikoni, pale wavuvi wanapotia nanga, asubuhi au alasiri vyombo vinaporudi, tena kwa bei isiyofanana na ya mgahawa wa ufukweni. Mwambie mpishi mapema watoto wanachokula na wasichokula, kiasi cha pilipili na kama yupo mwenye mzio wa kamba, kaa au karanga. Mchuzi wa pweza wa nazi, wali na kachumbari huwashibisha watu wengi kwa gharama ndogo.

Hatua ya nne: nyaraka, tiketi na kuvuka

Mtanzania anahitaji kitambulisho, na kwa watoto ni vyema kubeba nakala za vyeti vya kuzaliwa. Anayetoka nchi jirani abebe pasipoti au hati ya kusafiria ya Afrika Mashariki, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na, kama anasafiri na mtoto asiye wake, barua ya ridhaa ya wazazi. Tangu Oktoba 2024 wageni wasio raia wala wakaazi wa Tanzania wanatakiwa kuwa na bima ya safari ya Zanzibar, inayolipiwa mtandaoni kabla ya kufika. Kiwango cha kawaida kilichotangazwa kwa mtu mzima kilikuwa dola 44. Raia wa nchi za jumuiya aangalie kiwango kinachomhusu kwenye tovuti rasmi ya malipo hayo, kwa sababu tovuti bandia za kutoza wasafiri zipo.

Kutoka Dar es Salaam boti ya kasi huchukua kama saa mbili hadi bandari ya Malindi, mjini Unguja, na ndege huchukua chini ya nusu saa. Kwa familia ya watu watano boti ni nafuu zaidi, tena watoto huifurahia, isipokuwa wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari inapochafuka. Nunua tiketi katika ofisi ya kampuni yenyewe au kwenye tovuti yake, si kwa mtu anayekufuata getini, na hakikisha majina yanalingana na vitambulisho. Chagua safari ya asubuhi, ambapo mara nyingi upepo haujapata nguvu. Kaa sitaha ya chini, katikati au nyuma, maana mbele ndiko chombo kinakoruka zaidi. Dawa ya kuzuia kichefuchefu hunywewa kabla ya kuondoka, si baada ya mtoto kuanza kutapika, na kipimo cha mtoto aulizwe mfamasia. Fuatilia tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutangaza siku za upepo mkali na mawimbi makubwa. Ikitangazwa tahadhari, kuahirisha kwa siku moja si hasara. Wanaokumbuka ajali za MV Spice Islander ya Septemba 2011 na MV Skagit ya Julai 2012 hawahitaji kuelezwa kwa nini mtu hapandi chombo kilichojaa kupita kiasi.

Ukifika Malindi, wachukuzi watataka kubeba mizigo yako kabla hujakubali. Patana bei kwanza, hesabu mabegi, na mshikishe kila mtoto mkono wa mtu mzima mmoja anayejulikana. Gari la kukodi, ambalo mara nyingi ni Noah, lipangwe kupitia mwenye nyumba kabla ya siku ya safari, na bei yake itajwe kwa safari nzima, si kwa kichwa. Daladala za kwenda Nungwi, namba 116, na za Jambiani, namba 309, ni nafuu na salama kwa mtu mwepesi, lakini kwa familia yenye mabegi na mtoto wa kunyonya zaidi ya saa moja ya kubanana si mwanzo mzuri wa likizo.

Hatua ya tano: mizigo

Beba viatu vya mpira au vya kitambaa vinavyofunga mguu kwa kila mtu, na visiwe ndala. Hiki ndicho kitu cha kwanza kwenye orodha. Beba fulana za mikono mirefu za kuogelea, kofia, mafuta ya kukinga jua, dawa ya mbu, vidonge vya homa kwa umri wa watoto, pakiti za chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, plasta, kibano kidogo na tochi. Kwa watoto wasiojua kuogelea nunua bara majaketi ya kuokolea yanayowatosha, maana yaliyomo kwenye boti nyingi ni ya saizi ya watu wazima. Kanga mbili hutosha kuwa taulo, kivuli, shuka na vazi la kuvaa ukipita kijijini. Mifuko ya plastiki acha nyumbani: Zanzibar iliipiga marufuku mwaka 2006, mapema kabla ya Tanzania Bara kufanya hivyo 2019.

Fedha taslimu zitolewe mjini, kwa kuwa mashine za benki katika vijiji ni chache na siku za sikukuu huishiwa. Malipo kwa simu hukubalika sehemu nyingi.

Hatua ya sita: andika ratiba ya kila siku kutokana na jedwali

Kila usiku tazama saa za kesho na uandike mambo mawili tu: muda wa kuogelea na muda wa kufanya mengine. Muda mzuri wa kuogelea mashariki huanza kama saa mbili kabla ya maji kujaa na kwisha kama saa mbili baadaye. Mfano wa siku ya maji mafu: maji yanajaa saa 4:30 asubuhi, hivyo watoto wanakula saa 1, wanaingia majini saa 2:30, wanatoka kabla ya jua la utosi, wanakula, wanalala, na jioni wanacheza mpira ufukweni au kutembea. Mfano wa siku ya bamvua: maji yanapwa saa 4:15 asubuhi, hivyo saa 3 mnatoka kwenda kutembea kuelekea mwambani, saa 4 mnaanza kurudi, mchana ni wa kivuli na madafu, na saa 9 hadi magharibi ni kuogelea. Safari za mbali zipangwe siku ambazo maji yanajaa adhuhuri, saa ambayo jua ni kali na watoto hawatakiwi kuwa majini. Karibu na Ikweta jua la kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni huunguza hata ngozi nyeusi, hasa mabega na migongo ya watoto wanaokaa majini bila kusikia joto.

Matembezi ya maji kupwa ndiyo sehemu ambayo watoto wa bara huikumbuka kuliko zote, nayo ina utaratibu wake. Tafuta mwenyeji wa kuwaongoza, ikiwezekana mwanamke anayechokoa pweza au anayelima mwani, na mlipe kwa makubaliano. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989 katika vijiji vya mashariki, na hadi leo wengi wa wakulima wake ni wanawake. Zile kamba zilizofungwa kwenye vijiti ni shamba la mtu: hazirukwi, hazikanyagwi, wala vijiti havichomolewi kuchezea. Mtoto aonyeshwe kiti cha pweza ndani ya maji, asikitoe kupiga nacho picha, kwa sababu hakiishi muda mrefu nje. Konokono wenye maganda ya umbo la koni wasishikwe kabisa; wapo wenye sumu kali.

Hatua ya saba: kanuni za majini ambazo hazina mjadala

Kanuni ya kwanza inahusu kurudi. Ukitembea kuelekea mwambani, anza safari maji yakiwa bado yanatoka na geuka kabla au mara tu yanapofika mwisho wa kupwa. Maji yakianza kuingia hayaji mbele yako kama ukuta. Hupita kwanza kwenye mifereji ya chini iliyoko nyuma yako, kati yako na ufukwe, na dakika chache baadaye pale ulipovuka kwa kukanyaga mchanga pamekuwa kifuani kwa mtoto. Siku za bamvua kasi hiyo ni kubwa zaidi. Mtu mzima mmoja awe na saa mkononi na kazi yake iwe hiyo tu.

Kanuni ya pili inahusu milango ya mwamba. Maji yanapotoka, hutafuta nafasi zilizokatika kwenye mwamba na kwenda nazo kwa nguvu hadi bahari kuu. Mtu asiogelee wala kupiga kasia karibu na nafasi hizo maji yakiwa yanapwa. Mwenyeji yeyote atakuonyesha zilipo; uliza siku ya kwanza, na uwaonyeshe watoto kwa kidole. Anayejikuta akivutwa asishindane na mkondo: aelee, ainue mkono, na aogelee sambamba na ufukwe hadi mkondo unapopungua ndipo arudi nchi kavu. Boya linalojazwa upepo si kinga. Likipigwa na upepo wa nchi kavu humpeleka mtoto mbali kwa haraka kuliko mzazi anavyoweza kuogelea.

Kanuni ya tatu ni zamu ya macho. Watu wazima sita wakiwa ufukweni, kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Taja kwa jina nani anatazama kwa nusu saa hii, na huyo asishike simu. Walinzi wa kuokoa watu hawapo katika fukwe nyingi za kisiwa.

Miba ya wale viumbe weusi wa duara wanaokaa kwenye majani na mawe ndiyo ajali ya kawaida kuliko zote, na viatu huizuia kwa kiasi kikubwa. Mtoto akichomwa, loweka mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, toa kwa kibano miba inayoshikika, safisha, na usichimbe iliyozama. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Mwiba ulioingia kwenye kiungo, au jeraha linalovimba siku ya pili, ni kazi ya kituo cha afya. Aliyeguswa na yavuyavu aoshwe kwa maji ya bahari, si ya bombani, na asisuguliwe kwa mchanga. Jua mapema kituo cha afya kilicho karibu na namba ya dereva anayelala jirani, kwa kuwa kutoka Nungwi au Jambiani hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja mjini ni zaidi ya saa moja.

Kwa safari za boti za kwenda kuogelea kwa miwani na mrija, kagua majaketi kabla ya kulipa, si mkiwa tayari mmepanda. Nahodha akisema leo bahari si nzuri, mshukuru, na umtilie shaka yule wa pili anayesema ni nzuri.

Siku za nje ya ufukwe

Msitu wa Jozani uko kwenye barabara ya kwenda Paje, kwa hiyo unafaa kutembelewa siku ya kuhama badala ya kutengewa siku yake. Humo wamo kima punju, wanaopatikana Unguja pekee kwa asili yao. Hawalishwi, na mwenye mafua akae mbali nao. Njia ya mbao katikati ya mikoko inapendeza zaidi maji yakiwa yametoka, wakati mizizi na kaa vinaonekana.

Kisiwa kidogo cha Changuu kina kobe wakubwa ambao asili yao ni kobe wanne waliotolewa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919, na watoto huweza kuwatazama kwa karibu. Boti huondoka karibu na Forodhani, bustani ya ufukweni mjini, na huchukua kama nusu saa. Fungu la mchanga la Nakupenda, lililo jirani, huonekana maji yakipwa na kumezwa yakijaa. Mkipanga kufika huko, saa ya kuondoka iandikwe, si ya kukadiria. Kuhusu pomboo wa Kizimkazi, naona safari ile haifai kwa watoto wadogo: bahari ya kusini huchafuka, na boti kadhaa zikiwakimbiza pomboo wale wale, mtoto anajifunza jambo ambalo si la kujivunia. Ukiamua kwenda, mwambie nahodha azime injini na asubiri.

Mji Mkongwe, uliotangazwa kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, upewe usiku mmoja. Vichochoro vyake vina kivuli lakini pikipiki hupita, kwa hiyo mtoto mdogo atembee upande wa ukutani. Beit el Ajaib, jumba kubwa la kale ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, tazameni kwa nje. Baada ya magharibi nendeni Forodhani mkale mishkaki na kunywa maji ya miwa. Dagaa na pweza waulizwe wamechomwa saa ngapi, na urojo, ile supu nzito ya Zanzibar, uliwe ukiwa wa moto.

Ukipita vijijini na mjini, funika mabega na magoti, wewe na watoto wakubwa. Nguo za kuogelea ni za ufukweni tu. Salamu hutangulia shida yoyote: mtoto amwamkie shikamoo kila mtu mzima wanayekutana naye, na picha za watu ziombwe ruhusa. Mwezi wa Ramadhani hakuna kula wala kunywa hadharani mchana, na mikahawa mingi nje ya hoteli hufungwa, hivyo chakula cha watoto kipangwe na mwenye nyumba. Siku za Idd, kinyume chake, ni sherehe ya watoto: mjini viwanja hujaa michezo, vyakula na nguo mpya hadi usiku, na familia yenye bahati ya kuwepo siku hizo isikae hotelini.

Siku ya kurudi

Lala mjini usiku wa mwisho, hasa kama boti ni ya asubuhi, badala ya kutoka Nungwi alfajiri na watoto wenye usingizi. Kaushia nguo za kuogelea siku moja kabla na ufunge mizigo yenye unyevu kwenye begi lake. Usinunue makombe, matumbawe wala chochote kilichotengenezwa kwa gamba la kasa. Biashara ya gamba la kasa ni haramu kisheria na makombe yakitolewa pwani hayarudi. Viungo vinunuliwe soko la Darajani mjini badala ya kwa wachuuzi wa ufukweni, vionjwe kwanza kwa pua, na karafuu zichukuliwe kwa pakiti ndogo za dukani pamoja na risiti, kwa kuwa biashara yake inadhibitiwa na serikali. Fika bandarini saa moja kabla, vitambulisho vikiwa kwenye mkoba wa mkononi na si ndani ya begi kubwa lililokwisha kupakiwa.